Askia Muhammad na Wino Uliomsafisha

Aliyepita sekondari huku kwetu na kusoma historia hawezi kumkosa Askia Muhammad. Alikuwamo daftarini pale penye Ghana, Mali na Songhai, na kila mara alikuja pamoja na mwenzake, Sunni Ali. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili: Sunni Ali, mpiganaji hodari, mjenzi wa dola, lakini katili na adui wa maulamaa. Askia Muhammad, mcha Mungu, mpenda elimu, alikwenda kuhiji Maka, akapanga utawala vizuri. Mtihani ukija unataja sababu tano za kukua kwa Songhai na tano za kuanguka kwake, unapata alama zako, yamekwisha.

Nataka tuwarudie wale wawili, na safari hii iwe kwa ajili ya kazi yetu ya kuandika. Maana wale ni wahusika. Kuna watu walikaa chini na kalamu wakawachora, wakaamua huyu awe jabari na yule awe walii, na mchoro wao ukasafiri karne kadhaa mpaka ubaoni kwetu bila kuulizwa maswali. Sisi vijana tunaoandika tamthilia na riwaya za wafalme na majemadari, na tuko wengi, tunafanya kazi ileile ya watu wale. Basi hebu tuone waliifanyaje.

Hoja yangu naitoa mapema ili asiyekubali aanze kubisha tangu sasa. Sunni Ali na Askia Muhammad walifanya kazi moja: kuteka nchi za watu, kuchukua mateka, kukusanya dhahabu na chumvi. Kilichowatenganisha vitabuni ni namna kila mmoja alivyokaa na watu wenye kalamu. Na kurasa bora za vitabu hivyo ni zile ambazo mwandishi aliisahau kidogo kazi yake ya kusifu au kulaani, akaandika tu alichokijua.

Matukio yenyewe

Kwanza tukumbushane kwa kifupi. Sunni Ali alitawala tangu 1464 hadi 1492. Alipokea dola ya wastani kwenye kingo za Mto Niger, makao yake Gao, akaiacha ikiwa dola kubwa kuliko zote katika eneo lile. Nguvu yake ilikuwa farasi na mitumbwi ya vita. Timbuktu aliichukua 1468, wakati huo ikiwa chini ya Watuareg. Jenne, mji unaozungukwa na maji mafuriko yanapokuja, aliuzingira kwa muda mrefu mpaka ukasalimu amri. Wamossi wa kusini, ambao mwaka 1480 walifika kupora hadi Walata, aliwapiga 1483. Mwaka 1492 akafa njiani akirudi kutoka vitani.

Mwanawe, Sunni Baru, alishika kiti akakaa nacho miezi michache tu. Aprili 1493, mahali paitwapo Anfao karibu na Gao, Muhammad akamshinda na kuchukua dola. Na huyu Muhammad alikuwa nani? Alikuwa mmoja wa majemadari wa Sunni Ali mwenyewe! Yaani aliyekuja kuitwa mwokozi alikuwa mkubwa katika jeshi la huyohuyo anayeitwa jabari. Jambo hili ubaoni kwetu halikukaa muda mrefu, lilifutwa na kitambaa upesi.

Muhammad akajiita Askia, akaenda Maka kati ya 1496 na 1498, akarudi na cheo cha khalifa, yaani naibu wa Mtume katika nchi za Takrur, jina ambalo Waarabu waliiita nayo Afrika Magharibi ya Waislamu. Aliporudi tu, 1498, akawapiga Wamossi wa Yatenga. Baadaye akafika Aïr na Agadez upande wa jangwani, akaenda magharibi hadi Diara, akaingia nchi za Wahausa. Alirithi dola akaitanua pande zote. Lakini mwaka 1516 jemadari mshirika wake, Kanta wa Kebbi, alimwasi. Inasemwa waligombana juu ya mgawo wa ngawira za Agadez. Kebbi ikatoka na haikurudi tena. Ndipo uzee ukamkuta, macho yakaingia giza, na karibu na 1528 mwanawe Musa akamwondoa madarakani. Alikufa 1538.

Hayo ndiyo maisha. Sasa tuingie kwenye utunzi.

Kitabu kilichoandikwa kwenye magofu

Chanzo kikubwa cha habari hizi ni Tarikh al-Sudan, kitabu cha Kiarabu cha Abdurrahman al-Sa'di wa Timbuktu, kilichokamilika karibu na 1655. Tazameni huo mwaka. Askia alikuwa amekwishalala kaburini zaidi ya miaka mia moja. Songhai yenyewe haikuwapo tena: mwaka 1591 jeshi la Moroko lilivuka jangwa na bunduki, likaivunja huko Tondibi, na Timbuktu ikawa chini ya watawala waliotokana na jeshi lile. Al-Sa'di alizaliwa baada ya hapo. Aliwahi kuwa imamu mjini Jenne, na baadaye akawa karani wa serikali hiyohiyo ya Timbuktu. Huyu ni mtu anayeandika juu ya dola ambayo hakuiona, huku akila mshahara wa wale walioivunja.

Mtu wa namna hiyo anahitaji nini? Anahitaji zama njema za kuzikumbuka. Anahitaji mfalme mmoja ambaye alikuwa sawasawa, ili uovu wa sasa upate kupimwa. Mfalme huyo ni Askia. Na ili mwema aonekane mwema, mtunzi akamweka mbele yake mbaya. Mbinu hii sote tunaijua. Tunaitumia kila siku.

Lakini ajabu ndiyo hii: soma sehemu za Sunni Ali, halafu soma sehemu za Askia, useme nani ana uhai zaidi. Sunni Ali anaua maulamaa wa Timbuktu, wengine wanakimbilia Walata. Sawa, hilo ni la jabari yeyote. Kisha mtunzi anatuambia namna alivyosali. Eti sala zote tano aliziahirisha mpaka usiku au kesho yake, halafu akakaa, akaashiria kwa mwili mara kadhaa, akazitaja sala moja moja kwa majina, kisha akaziambia zigawane zenyewe maana zinafahamiana! Mtunzi ameliandika hili ili tuchukie. Mimi nilicheka, na nadhani hata yeye alicheka kabla ya kulaani.

Halafu kuna lile la hukumu zake. Sunni Ali akikasirika anaamuru fulani auawe. Kesho yake anajuta, anamtaka mtu wake. Watumishi walikwisha kuijua tabia hiyo, wakawa wanawaficha baadhi ya waliohukumiwa. Bwana akijuta, wanamtoa mtu akiwa hai, na bwana anafurahi. Katika mistari michache umepata mfalme, hasira yake, majuto yake, na nyumba nzima ya watu wanaoishi kwa kubahatisha hali ya moyo wake. Huyo ndiye tuliyefundishwa kumwita mhusika duara. Hata kifo chake kina picha ambayo haikutoki: wanawe walimpasua tumbo wakamjaza asali ili asioze njiani. Al-Sa'di anaona ni adhabu ya Mungu. Msomaji anaona watoto wanaohangaika kumfikisha baba yao nyumbani.

Sasa mje kwa Askia. Anakwenda hija na wapanda farasi 500 na askari wa miguu 1,000. Anabeba vipande 300,000 vya dhahabu. Laki moja anatoa sadaka katika miji mitakatifu, laki moja ananunua shamba Madina kwa ajili ya mahujaji wa Takrur, laki moja ananunua bidhaa. Mnaona? Ni risiti. Hesabu imekaa sawa, hakuna senti iliyopotea, na hakuna mtu ndani yake. Hatumwoni akichoka njiani, hatumwoni akiogopa kwamba huko Gao watoto wa Sunni Ali watarudi akiwa mbali. Sifa zimemjaa mpaka hakuna pa kupitisha pumzi. Mhusika mkuu ndiye mhusika bapa wa kitabu!

Na katika risiti hiyohiyo kuna mstari mmoja uliomponyoka karani. Dhahabu ile ilitoka wapi? Anasema ilikuwa mali ya Sunni Ali, iliyokuwa imewekwa kwa khatibu Umar. Kwa hiyo sadaka za Maka na shamba la Madina vililipiwa na hazina ya yule jabari. Mwandishi haoni tatizo. Anapita tu.

Maswali yaliyoulizwa ili yajibiwe vile

Msidhani al-Sa'di ndiye aliyeanza kumchora Sunni Ali. Kazi ilianza mapema, na mteja wake wa kwanza alikuwa Askia mwenyewe. Karibu na 1498 alifika Gao mwanachuoni aitwaye al-Maghili, mtu wa Tlemcen, Algeria ya leo, ambaye kabla ya hapo alikuwa Kano na Katsina. Askia akamletea maswali saba, akamtaka ayajibu kwa sheria ya dini. Maswali na majibu yake yapo mpaka leo.

Sisi waandishi tuyasome kama tunavyosoma mswada wa kwanza. Askia anamweleza al-Maghili kwamba Sunni Ali alitamka shahada lakini hakuijua maana yake, kwamba alikuwa na masanamu na waganga, kwamba aliua watu wasio na hesabu. Kisha anauliza: huyu ni Mwislamu au kafiri? Ukisikia swali lilivyopangwa, jibu umeshalijua. Al-Maghili akajibu kwamba alikuwa kafiri bila shaka, na kwamba kumwondoa ilikuwa jihadi.

Hapa kuna mambo mazito. Kama Sunni Ali ni Mwislamu, basi Askia ni jemadari aliyeasi na kumnyang'anya mtoto wa bwana wake kiti. Kama Sunni Ali ni kafiri, basi Askia ni mwenye kusimamisha dini. Tofauti yote hiyo imo katika neno moja la mwanachuoni. Na nyuma ya neno hilo kulikuwa na watu hai: kulikuwa na swali la nani anaweza kuchukuliwa mtumwa na nani aachwe huru, mali ya nani ni halali kuchukuliwa. Kuna watu usingizi wao wa usiku ule ulitegemea kalamu ya mgeni.

Jina lenyewe la Askia lina kisa kinachovuja. Al-Sa'di anasimulia kwamba habari za ushindi zilipowafikia mabinti wa Sunni Ali walipiga kelele kwa lugha yao, wakimaanisha kwamba kiti kile si chake. Muhammad aliposikia akaamuru hilohilo liwe jina lake la utawala. Wataalamu wa lugha wana shaka na kisa hiki, mimi nakipenda kama utunzi. Hebu fikirini: kila aliyeinama na kumwita mfalme kwa cheo chake alikuwa akirudia pingamizi la wanawake wale.

Aisha Mfulani

Nimefika kwenye sentensi iliyonifanya niandike makala hii.

Al-Sa'di, katikati ya kumlaani Sunni Ali, anaeleza kwamba mfalme yule aliwashambulia Wafulani wa ukoo fulani na kuteka wanawake wao. Baadhi ya wanawake hao akawapeleka Timbuktu, zawadi kwa wakubwa, maulamaa na wachamungu wa mji, akawaambia wawafanye masuria. Anasema wale wasiojali dini walifanya hivyo, na wale wenye kujali waliwaoa. Mmoja wa waliooa alikuwa imamu Abdallah al-Balbali. Mwanamke aliyeletewa aliitwa Aisha Mfulani. Akazaa naye binti, na katika kizazi cha binti huyo akapatikana babu yake mwandishi.

Someni tena polepole. Mwandishi wa kitabu, mtu wa dini, anayemwita Sunni Ali jabari na muuaji, ametoka katika tumbo la mateka aliyegawiwa na Sunni Ali kama zawadi. Bila uvamizi ule hakuna Aisha Timbuktu, bila Aisha hakuna al-Sa'di, na bila al-Sa'di sisi tungemjua Sunni Ali kwa njia nyingine kabisa. Na tazameni tena: maulamaa wale tuliowajua kama wahanga wa jabari, nao walikuwa wanapokea. Wengine waliuawa, wengine walikimbia, na wengine walifunguliwa mlango asubuhi wakakuta mwanamke amesimama na askari, wakamwingiza ndani.

Al-Sa'di angeweza kuficha. Nani angejua? Aliandika. Aliharakisha kusema kwamba babu yake alimwoa kwa halali, na hapo nasikia sauti ikitetemeka kidogo, sauti ya mtu anayeilinda heshima ya nyumba yake. Lakini aliandika, na jina akaliweka. Kwangu mimi hii ndiyo sentensi kubwa kuliko zote katika kitabu chake, ingawa haina mfalme anayeshinda wala mji unaoanguka. Ushindi wote wa kaskazini na kusini tunauona hapa ukiwa umeingia chumbani kwa mtu.

Na je, Askia hakuchukua mateka? Alichukua. Mwaka 1498, kabla ya kuwapiga Wamossi, alimtuma mjumbe na barua ya kumtaka mfalme wao asilimu. Mfalme akasema lazima awaulize kwanza wazee wake waliotangulia, na jibu la wahenga likawa kukataa. Ndipo Askia akaingia, akaua, akabomoa, akachukua watoto. Tarikh inasema watoto wale mateka walitokea kuwa watu wenye baraka. Tendo ni lilelile la Sunni Ali kwa Wafulani, lakini hapa limetiwa ubani. Aisha ana jina kwa sababu alikuwa bibi wa mwandishi. Watoto wa Wamossi hawakuwa na mjukuu mwenye kalamu, wakapewa baraka badala ya majina.

Mbu na vyura

Sitaki kumwonea al-Sa'di, kwa kuwa upo mahali ambapo hata Askia wake anapata nyama na damu. Ni pale anapoanguka.

Baada ya kuondolewa madarakani mzee aliachwa kwanza akae ikulu. Alipotawala Muhammad Bunkan, mtoto wa ndugu yake, kuanzia 1531, akamhamishia kwenye kisiwa cha mtoni. Mtu aliyeingia Maka na farasi 500 sasa ni kipofu anayelala kwenye unyevu. Siku moja mwanawe Ismail alikuja kumwona. Mzee akamshika mkono, akaupapasa ulivyo na nguvu, akamshangaa: mwenye mkono kama huu, vipi anamwacha baba yake aliwe na mbu na kurukiwa na vyura? Ismail akajitetea kwamba hana uwezo. Mzee akamwambia pa kwenda, nani wa kumwona, na alama gani ya siri ya kumpa ili apate fedha iliyofichwa na watu wa kumsaidia. Mwaka 1537 Bunkan akapinduliwa, Ismail akawa Askia, na mzee akarudishwa Gao, ambako alikufa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo nilipokutana na Askia Muhammad kwa mara ya kwanza. Macho hayapo lakini vidole vinapima msuli wa mtoto. Uchungu wake anautoa kwa kutaja vyura. Na hata pale, ndani ya mateso, bado ni mpanga mapinduzi yuleyule wa Anfao: ana fedha mahali, ana mtu wake mahali. Mwandishi amesahau kusifu, na kwa kusahau ametupatia mtu.

Leo kaburi linalosemwa kuwa lake lipo Gao, jengo la udongo lenye umbo la piramidi, kimo chake mita 17, na tangu 2004 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii hupiga picha mnara. Mimi ningeomba nionyeshwe kisiwa.

Anavyosema manju

Kuna wanaosema tatizo ni maandishi, kwamba tukirudi kwenye masimulizi ya mdomo tutaupata ukweli wa wananchi. Tuwajaribu.

Mwishoni mwa 1980 na mwanzoni mwa 1981, huko Saga karibu na Niamey, nchini Niger, manju aitwaye Nouhou Malio alisimulia utendi wa Askia mbele ya mtafiti Thomas Hale, na tafsiri yake ikachapishwa 1990, mistari zaidi ya 1,600. Humo Askia anaitwa Mamar, mtoto wa Kassaye. Kassaye ni dada wa Si, ndiye Sunni Ali. Si ameambiwa kwamba dada yake atazaa mtoto atakayemuua, basi kila Kassaye anapozaa, mtoto anauawa. Mara hii anapata mimba kwa mwanamume wa kijini anayeishi chini ya mto. Mamar anazaliwa, anafichwa, anakua, na siku moja anamuua Si kwenye uwanja wa sala. Baadaye anakwenda hija kwa sababu ya dhambi hiyo.

Ona tofauti. Kwa maulamaa, Muhammad amemwondoa kafiri, hana deni. Kwa manju, amemuua mjomba wake. Neno hilo mjomba linatosha, kila mmoja wetu anajua uzito wake. Ushindi wa manju una damu ya ndani ya ukoo, na hija yake ni ya mtu mwenye mzigo. Kama utunzi, nampa manju alama za juu kuliko karani. Dhamira yake ni nzito zaidi na msuko wake haulegei.

Lakini Mamar alifichwaje? Kassaye alikuwa na mjakazi, naye mjamzito. Walijifungua pamoja: bibi mtoto wa kiume, mjakazi mtoto wa kike. Wakabadilishana. Mtoto wa mjakazi akapelekwa kwa Si kana kwamba ni wa Kassaye, akauawa. Na utendi unasonga mbele na Mamar.

Jamani! Yule binti je? Mama yake je, aliyemlea Mamar kama wake, akamwona anakua, akamwona anakuwa mfalme? Manju, ambaye alitupa deni la mjomba, hatupi deni la mjakazi. Kalamu ina bwana wake, na ulimi nao una bwana wake. Manju wa Wasonghai kazi yao tangu zamani ni kutaja nasaba za wakubwa, na mjakazi hana nasaba ya kutajwa.

Hata kitabu kinaweza kutekwa

Kingine nilichotaka mjue ni cha kuogofya. Pamoja na Tarikh al-Sudan kuna kitabu cha pili mashuhuri, Tarikh al-Fattash. Kwa miaka mingi wasomi walikitumia kama kazi ya nyakati za Askia na vizazi vilivyofuata. Humo mna utabiri kwamba Askia ni khalifa wa kumi na moja, na kwamba baada yake atakuja wa kumi na mbili, na sifa za huyo ajaye zimeelezwa. Watafiti, hasa Mauro Nobili katika kazi zake za 2015 na 2020, wameonyesha kilichotokea. Kulikuwa na tarikhi ya kweli ya karne ya 17. Katika karne ya 19 mwanachuoni Nuh bin al-Tahir akaichukua, akaongeza, akapunguza, akaupachika utabiri. Kwa nini? Kwa sababu bwana wake, Ahmad Lobbo, mtawala wa Hamdallahi katika nchi ya Masina, alitaka kuwa huyo khalifa wa kumi na mbili.

Kumbe ushindi unaweza kufanywa kwa kurudi nyuma! Lobbo hakumpiga Askia vita, walipishana karne tatu. Alimteka kitabuni, akamfanya mtangulizi wake na shahidi wake. Na Nuh alikuwa mwandishi mwenye kipaji, hilo hatuwezi kumnyima, kwani aliwadanganya wataalamu kwa vizazi.

Kugeuza sifa kuwa matusi

Atatokea mtu aseme: basi dawa ni kuwavua nguo wafalme wote. Alijaribu Yambo Ouologuem wa Mali, kwa riwaya yake Le devoir de violence ya 1968, iliyopata tuzo ya Renaudot Ufaransa mwaka huohuo. Alichukua mtindo wa tarikhi na wa manju, akaunda dola ya kubuni ya Nakem na ukoo wa watawala Saif, akaonyesha karne za mauaji, utumwa na hila bila kumsaza mtu. Ilikuwa bomu. Baadaye akashutumiwa kunakili vipande vya waandishi wengine, Graham Greene akiwamo, na mjadala huo haujaisha.

Ninamheshimu kwa kuthubutu. Ila ukiweka ubaya pale palipokuwa na sifa, na huo ubaya nao ukamfunika kila mtu kutoka utosini hadi unyayoni, umebakiwa na wahusika bapa walewale, safari hii wakiwa na rangi nyingine. Saif hajuti asubuhi kama Sunni Ali. Hashiki msuli wa mtoto wake. Kumlaani mfalme hakumalizi kazi ya mwandishi.

Sisi je?

Haya si mambo ya Timbuktu peke yake. Ninyi mnaosoma hapa mnajua: kijana akijulikana mtaani kuwa anaandika vizuri, ataitwa. Ataombwa utenzi wa kumkaribisha mgeni rasmi. Ataombwa aandike maisha ya mzee fulani mwenye uwezo, na bahasha itakuwapo. Njaa ni njaa, simhukumu anayekwenda. Al-Sa'di alikula mshahara, Nuh alikula, manju alikula. Lakini al-Sa'di, pamoja na mshahara, aliacha mlango mmoja bila komeo, akamweka humo bibi yake. Anayekwenda kuandika kwa bahasha aende akijua kwamba uwezo huo upo, na kwamba asipoutumia amechagua.

Na wewe unayeandika riwaya yako mwenyewe, usiyelipwa na mtu, huna hata kisingizio hicho. Miswada yetu imejaa mfalme mwenye hekima anayekohoa kidogo kisha anasema methali. Imejaa majeshi yanayoteka nchi kwa aya moja, sura inayofuata ni karamu. Hakuna anayeuliza waliotekwa walilala wapi usiku ule. Wahakiki wetu nao wanatuuliza ujumbe ni nini, mafunzo ni nini, na sisi tunawapa mafunzo, tena kwa kilo.

Mimi naandaa riwaya, na kila ninapofika kwenye vita najilazimisha nijibu swali moja kabla sijageuza ukurasa: ni nani aliyeletwa nyumbani kwa nani kutokana na ushindi huu, na anaitwaje? Linachosha. Sura moja inachukua mwezi. Lakini sasa majemadari wangu wameanza kuwa na wake, wake wameanza kuwa na lugha ambayo waume hawaijui, na watoto wao wanaota katika lugha mbili.

Aisha Mfulani amepewa mistari michache katika kitabu kizima. Hatujaambiwa kama alijua Kiarabu, hatujaambiwa nyumbani kwao aliacha nani, hatujaambiwa alimwita vipi yule imamu siku ya kwanza. Yule mjakazi wa Kassaye hakupewa hata jina. Anayetaka kuandika Songhai aanze na hao wawili. Mwenye hoja ya kunipinga naye alete, kurasa za jarida hili ni zetu sote.